Unasaka Lori ya Mtumba? Usidanganywe na Namba Plate

Umechanga na mabeshte, umeongeza loan ya sacco, sasa broker anakuonyesha Actros mbili kwa yadi. Zote ni za 2012 na bei ni karibu sawa. Utachukua gani? Kama jibu lako ni "ile inang'aa", tulia kwanza. Hiyo ganji inaweza enda na maji.

Anza na plate. Herufi zake zinakuambia lori ilisajiliwa Kenya lini, si ilitengenezwa lini. Sheria ya magari ya mtumba ni ya miaka 8, so lori iliyosajiliwa 2020 inaweza kuwa ya 2013. Soma mwaka kwa logbook, kisha ulinganishe chassis namba na ile imegongwa kwa chuma. Zikikataana, jitoe.

Lakini hata mwaka pekee hautoshi, lazima ujue ni toleo gani. MP2 ilitoka 2003, MP3 ikafuata 2008, halafu MP4 ikazinduliwa 2011. MP3 nyingi zina injini ya V6, OM501. MP4 ilikuja na injini mpya, OM471, silinda 6 kwa laini moja. Na MP4 ilipoingia, MP3 haikuacha kutengenezwa siku hiyo. Kumaanisha hizo lori zako mbili za 2012 zinaweza kuwa ndugu kwa jina tu: spea tofauti, kompyuta tofauti, hata fundi tofauti.

Halafu uliza ni Euro ngapi. Actros za Euro 4 na 5 zinatumia AdBlue. Hiyo system ikileta shida, kompyuta inaweza punguza nguvu ya injini ukiwa umebeba mzigo mzito ukipanda Timboroa. Euro 6 nayo inaongeza DPF, chujio ya masizi ambayo haipatani na diesel chafu.

Sasa fanya homework. Ukishajua toleo, pitia Kirinyaga Road na Industrial Area uulize bei ya injector, turbo na gearbox za hiyo injini. Ongea na madere pale Mlolongo ama Salgaa. Hao ndio hulala barabarani gari ikikufa, hawana haja ya kukupaka mafuta.

Mileage usiiamini kirahisi. Lori ya safari ndefu inaweza piga kilomita 100,000 kwa mwaka. Ukipata ya miaka kumi inasoma 300,000, angalia pedali na usukani vile zimeisha, na uitishe rekodi za service. Mwambie muuzaji asiwashe injini kabla ufike, ndio uione ikiamka baridi.

Kati ya mpya kidogo yenye spea ni za kuagiza majuu, na mzee kidogo yenye kila fundi wa highway anaijua, mara nyingi mzee ndiye atakulipia loan. Sacco haiulizi kama lori imelala garage. Tarehe ikifika, wanataka pesa yao.