Mota ya Mashine ya Kufulia Ikinguruma Bila Kuzunguka

UGANDA — Katika kambi za mashamba ya chai na ya miwa mashine ya kufulia si kitu cha matajiri peke yao tena. Ile ya mapipa mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia, imeingia katika nyumba zenye umeme, na mara nyingine hununuliwa kwa mchango. Iko kambi moja ambako familia sita zilichanga fedha, na akina mama wakawa wanafua nguo za watu kwa malipo. Siku mota ilipokataa kuzunguka, bwana mmoja alitaka kutia mkono majini aisukume huku umeme unawaka. Wenzake walimzuia.

Kiwandani fundi wa kweli hagusi mota kabla ya kuzima swichi kubwa na kuifunga kwa kufuli. Lakini mtu huyo huyo akifika nyumbani anafungua mashine kwa kisu cha jikoni na plagi ingali ukutani! Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inahusu mahali pa kazi. Jikoni kwako hapaji mkaguzi.

Basi kwanza chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi, kwa sababu ziko nyumba ambazo waya zimefungwa kinyume, na swichi inakata upande usio na moto. Plagi iweke juu ya mashine mbele ya macho yako, mtoto asije akairudisha. Mwaga maji, kausha sakafu, vaa viatu vikavu.

Mashine ikiwa kimya kabisa, tazama fyuzi iliyo ndani ya plagi ya miguu mitatu. Ikiwa imekatika, weka nyingine ya namba ile ile, wala si kipande cha waya au karatasi ya sigara. Jueni pia kwamba mota nyingi zina kinga ya joto ndani yake: ikipata moto sana hujizima, na ikipoa huanza tena yenyewe bila kuuliza mtu. Kwa hiyo mota iliyonyamaza si lazima iwe imekufa, na mkono uliomo ndani wakati huo unaweza kuvunjika.

Ikiwa inanguruma bila kuzunguka, msikimbilie kusema mota imeungua. Plagi ikiwa nje, zungusha kwa mkono ile sahani iliyo chini ya pipa la kufulia. Ikiwa ngumu, huenda soksi, sarafu au kifungo kimekwama chini yake. Ikiwa laini, fungua kifuniko cha nyuma utazame mkanda kama umelegea au umekatika. Kwa upande wa kukamulia, tazama breki. Kifuniko cha pipa kikifungwa, waya mwembamba huvuta breki iachie. Waya huo ukilegea, breki hubaki imeshika na mota inahangaika bure.

Yote hayo yakiwa mazima, mshukuni kapasita, kile kikopo kidogo chenye waya kilicho karibu na mota. Wenzetu wa viwandani wanajua mota kubwa za fezi tatu, ambazo huanza kuzunguka zenyewe. Nyumbani tuna fezi moja tu ya volti 240, na mota ya namna hiyo haiwezi kujianzisha bila msaada. Kapasita huupeleka umeme katika koili ya pili kwa wakati ulio tofauti kidogo na koili ya kwanza, na tofauti hiyo ndiyo inayoisukuma mota. Kapasita ikifa, mota hunguruma na kupata moto, na mkiiacha hivyo koili zitaungua. Hapo ubovu wa bei ndogo unageuka kuwa bei ya mota nzima.

Lakini kikopo hicho ni hatari. Huweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, na kinaweza kukupiga vibaya. Mafundi wengine hukigusisha bisibisi kikatoa cheche. Si desturi nzuri. Chukua balbu ya zamani yenye uzi ndani, ikiwa katika kishikio chake chenye waya mbili zilizofunikwa vizuri, ugusishe ncha zake kwenye ncha za kapasita kwa sekunde kadhaa, bila kushika chuma. Vikopo vingine vina waya tatu, maana ni kapasita mbili pamoja. Hapo gusisha kila jozi. Asiye na vifaa hivyo asikiguse, amwite fundi.

Kapasita iliyovimba, iliyopasuka au inayovuja imekwisha. Lakini nyingine hufa huku sura yake ni nzima, na hiyo fundi huipima kwa mita. Mpya iwe na hesabu ile ile ya maikrofaradi iliyoandikwa kwenye ya zamani, na volti zisiwe pungufu. Kabla ya kutoa waya, andika rangi zake kwenye karatasi.

Mashine ikikutetemesha unapoigusa, acha kazi yote. Umeme unavuja, na pengine waya wa ethi haupo. Nimeona plagi zilizokatwa mguu wa tatu ili ziingie katika soketi mbovu. Mguu huo ndio ulinzi wenyewe. Mtu akinaswa, msimshike. Zimeni swichi kuu kwanza.

Mpelekeeni fundi pia mashine iliyotoa harufu ya kuungua, iliyoingiwa maji katika mota, au inayoangusha swichi kuu kila mara. Zile za mlango wa mbele zenye kompyuta ndani msizifungue kabisa.

Mkimaliza, rudisheni kifuniko cha nyuma kabla ya kuchomeka plagi, mjaribu kwa maji bila nguo kwa dakika tano, mtu mmoja akiwa amesimama karibu na swichi.