Je, Wajua? Nyekundu Kushoto, Kijani Kulia
Bwawa la Nairobi, jirani na Kibera, liliwahi kuwa uwanja wa mashua za tanga kabla ya magugu maji kulifunika. Siku hizi anayetaka boti ya starehe huenda Naivasha au pwani, na giza likimkuta majini, taa ndizo zinazosema.

Kanuni za kimataifa za 1972 za kuzuia migongano majini zinataka boti ya injini iwe na taa nyekundu kushoto, kijani kulia, na nyeupe mbele na tezini. Kila taa ya ubavuni huangaza nyuzi 112.5 tu, kwa hiyo rangi unayoiona hukuonyesha boti inaelekea wapi. Nyekundu ikikatiza kutoka kulia kwako, mpishe. Ukiziona zote mbili pamoja, mnakabiliana: kila mmoja apinde kulia.

Kwa boti isiyofika mita 12, taa za ubavuni zionekane angalau maili 1 ya baharini, yaani kilomita 1.85. Mashua ya tanga isiyofika mita 7, ikishindwa kufunga taa hizo, huruhusiwa tochi nyeupe, mradi imulikwe mapema. Simu yenye chaji ya kuungaunga haihesabiki.