Gemu za 3D: Sikiliza macho ya mwanao

Je, mwanao hulalamika kuwa kichwa kinamuuma kila anapocheza gemu zenye picha za kina, zile zinazojulikana kama 3D? Au wenzake hupiga kelele kuwa mpira unawarukia kutoka kwenye kioo, ilhali yeye haoni ajabu yoyote? Usimgombeze wala kumcheka. Huenda jicho lake moja lina kasoro ambayo hakuna aliyeigundua.

Macho mawili, picha moja

Nyoosha kidole mbele ya pua. Fumba jicho la kulia, kisha la kushoto. Kidole kitaonekana kuhama. Kila jicho huona kwa upande wake, na ubongo huunganisha picha hizo mbili ili kupima umbali. Mwingereza Charles Wheatstone alilieleza jambo hili mwaka 1838, na gemu za 3D hutumia ujanja huo huo: kila jicho huonyeshwa picha yake.

Mwaka 1987, kampuni ya Sega ya Japani iliuza miwani iliyoziba jicho moja baada ya jingine kwa kasi kubwa. Mwaka 1995, Nintendo ilileta Virtual Boy, chombo cha mezani chenye picha nyekundu gizani. Wachezaji walilalamika kuumwa na kichwa, na mwaka 1996 kikaondolewa sokoni. Mwaka 2011 ikaja 3DS, isiyohitaji miwani, lakini Nintendo ikaonya kuwa watoto wa miaka 6 kurudi chini wasitumie 3D yake. Leo ujanja huo umo katika vifaa vinavyovaliwa usoni, kama vile PlayStation VR, iliyotoka 2016.

Kwa nini kichwa huuma?

Unapotazama kitu kilicho karibu, macho hugeuka kuelekeana na lenzi ndani yake hujirekebisha wakati huo huo. Kwenye 3D, macho hugeuka kuufuata mpira "unaokuja", lakini lenzi lazima ibaki imelenga kioo ambacho hakisogei. Mvutano huo ndio huleta uchovu.

Hata hivyo, usiogope kupita kiasi. Chama cha madaktari wa macho cha Marekani kinasema hakuna ushahidi kuwa 3D huharibu macho ya mtoto. Lakini mtoto asiyeona kina, au anayeumwa na kichwa kila mara, apimwe.

Sababu ni hii. Mtoto akiwa na makengeza, au jicho moja likiwa dhaifu kuliko jingine, ubongo huanza kuipuuza picha ya jicho hilo, nalo huwa jicho vivu. Mtoto halalamiki, kwa kuwa jicho zima hubeba kazi yote. Tiba, yaani miwani au kuziba jicho zuri kwa muda, hufaulu zaidi ikianza kabla ya miaka 7. Ukichelewa, huenda jicho lile lisipate tena nguvu zake.

Mkazi wa Kakamega hana haja ya kusafiri hadi Nairobi. Hospitali ya Macho ya Sabatia iko katika kaunti jirani ya Vihiga, na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, mjini Kakamega, hufunza wataalamu wa kupima macho.

Gemu kuwa dawa

Mwaka 2021, Marekani iliidhinisha tiba iitwayo Luminopia kwa watoto wa miaka 4 hadi 7 wenye jicho vivu. Mtoto huvaa kifaa usoni na kutazama vipindi, huku picha ya jicho zuri ikififishwa ili jicho dhaifu lifanye kazi. Tiba hii hutolewa kwa agizo la daktari. Gemu ya dukani haiwezi kuchukua nafasi yake.

Mzazi, zingatia haya:

- Soma umri ulioandikwa kwenye kifaa na uufuate.
- Kila dakika 20, mtoto atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20.
- Akihisi kizunguzungu, kichefuchefu au maumivu ya kichwa, aache kucheza mara moja.
- Acheze nje mchana kila siku. Mwanga wa nje hupunguza hatari ya kushindwa kuona mbali.
- Mzibe jicho moja, kisha jingine, asome kalenda iliyo ukutani. Jicho moja likishindwa, mpeleke akapimwe wiki hii.