Goma: Mtoto anajua wimbo wote, lakini namba ya mama je?

Muulize mtoto wa Goma mwenye miaka minane ni nani aliyeimba « Yope ». Mbele umalize ulizo, atakuwa ameisha kukuonyesha namna wanavyoicheza. Muulize simu ya baba yake inafunguliwa namna gani: atachora alama kwa kidole bila hata kuangalia. Kiisha muulize namba ya simu ya mama yake. Hapo atanyamaza, na macho yake yatatafuta ile simu yenyewe, kwa sababu namba inakaa mule ndani, haikai kichwani mwake.

Tusiwacheke watoto haraka. Sisi wazazi tuko vilevile. Wengi wetu tunajua kwa kichwa namba yetu tu, na pengine namba moja ya zamani ya mtu ambaye hata hatuzungumzi naye tena. Namba ya mume, ya bibi, ya mtoto mkubwa anayesoma Bukavu, zote tumeziachia mashine izikumbuke kwa niaba yetu.

Katika mji mwingine hilo lingekuwa jambo la kuchekesha tu. Katika mji wetu, ambao umeona mara nyingi watu wakikimbia usiku na watoto mgongoni, ni jambo la kuongelea nyumbani kwa uzito.

Mji wenye majivuno yake

Mkaaji wa Goma hakosi maneno mtu akigusa mji wake. Ataanza na ziwa Kivu. Atapanda Nyiragongo, mlima wa mita 3.470 ambao usiku fulani unayapaka mawingu rangi nyekundu. Atamalizia na chukudu, kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili kinachobeba viazi, makaa na mbao kutoka vijijini, na ambacho kimejengewa sanamu ya rangi ya zahabu kwenye rond-point inayoitwa kwa jina lake. Ni miji mingapi duniani iliyompa mbeba mizigo sanamu kubwa kama ile ya mfalme?

Kisha kuna muziki. Kwa miaka mingi wimbo mkubwa wa Kongo ulikuwa ukitoka Kinshasa, na sisi wa mashariki tulikuwa wa kuucheza tu. Mwaka 2019, Innoss'B, mtoto aliyezaliwa hapa Goma, alirudilia « Yope » pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania, na video yake ikaangaliwa zaidi ya mara milioni 100 kwenye YouTube. Siku hizo, kuanzia Birere hadi Ndosho, kila mtu alijiona kama ni yeye aliyeimba. Watoto waliushika wimbo ule kwa masikio na kwa miguu, bila mwalimu na bila daftari.

Tukumbuke hilo la masikio na miguu. Litatusaidia hapa chini.

Simu moja, kazi kumi

Leo simu imekuwa kama chukudu: mzigo wote wa nyumba tunaupakia humo. Ni taa umeme ukikatika. Ni saa, ni redio, ni kitabu cha nyimbo za kanisa. Ni benki, maana pesa ya shule na ya chakula inaingia kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Ni albamu ya picha za arusi na za ubatizo. Ni baraza la familia pia: kuna lile kundi la WhatsApp ambamo shangazi wa Butembo anatuma salamu za asubuhi, mjomba wa Kampala anauliza habari ya usalama, na kuzeni wa Kinshasa anatuma vichekesho vya Kilingala ambavyo nusu ya familia haivielewi.

Kwa familia zilizotawanyika kama zetu, hiyo ni neema kubwa. Koko ambaye hajaona wajukuu wake miaka mitano anawaona kila Jumapili wakimpungia mkono. Mama anayeuza sambaza anajua saa moja mbele kama mzigo wake umetoka Minova. Hakuna anayetaka kurudi nyuma.

Lakini chukudu ikivunjika gurudumu njiani, mzigo wote unalala chini. Na simu ina magurudumu mawili yanayovunjika upesi: chaji na mtandao. Kikikosekana kimoja tu, koko, benki, picha na kundi la familia vinapotea vyote kwa mara moja.

Siku ambazo simu haikusaidia

Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilishuka hadi katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kufika ziwani. Mamia ya maelfu ya wakaaji walikimbia, wengi wakivuka kuelekea Gisenyi. Wakati ule simu ya mkononi ilikuwa kitu cha watu wachache. Namba zilikaa katika kadaftari kadogo, na majina ya jamaa yalikaa kichwani. Watu walitafutana kwa kuuliza, kwa redio, kwa kanisa.

Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, mlima uliwaka tena. Safari hii karibu kila nyumba ilikuwa na simu. Siku tano baadaye, alfajiri ya tarehe 27 Mei, serikali ya jimbo iliomba mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihamishwe mara moja. Barabara ya Sake ilijaa magari, pikipiki, chukudu na watu wa miguu. Wengine walielekea Rutshuru, wengine wakapanda mashua kwenda Minova na Bukavu, wengine wakavuka Rwanda. Katika mbio za kwanza tu, baada ya mlipuko, shirika la UNICEF lilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao.

Hebu tufikirie mtoto mmoja kati ya hao. Wazazi wake wana simu. Mtu aliyemwokota ana simu. Antena inafanya kazi. Kilichokosekana ni tarakimu kumi tu, na mtoto hazijui.

Kisha likaja jambo la Januari 2025. Katika siku za mapigano ndani ya mji, umeme ulikatika, maji yalikatika, intaneti ya simu nayo ikakatika. Makundi yote ya WhatsApp yalinyamaza. Aliyekuwa na chaji kidogo na aliyejua namba ya kupiga kwa njia ya kawaida ndiye aliyeweza kusema kwa jamaa: tuko wazima. Aliyekuwa na simu kubwa ya bei kali iliyozimika alibaki na kioo cheusi mkononi, na hata akiazima simu ya jirani, apige namba gani?

« Mama Furaha » ni wangapi?

Kuna jambo lingine ambalo desturi yetu nzuri inalificha. Kwetu, mama anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na baba vilevile. Ni heshima. Jirani hawezi kumuita mama wa watoto watano kwa jina lake la ubatizo kana kwamba walicheza kamba pamoja. Matokeo yake, mtoto mdogo anaweza kufika miaka saba akijua kwamba mama yake anaitwa Mama Furaha, na baba yake anaitwa Papa, basi.

Ukimkuta mtoto huyo amepotea sokoni Virunga ao kwenye barabara ya Sake, akakuambia kwamba anamtafuta Mama Furaha, utaanzia wapi? Katika tarafa ya Karisimbi peke yake unaweza kujaza kanisa na akina Mama Furaha.

Wafanyakazi wa Msalaba Mwekundu, ambao katika kila vita na kila mlipuko wanasaidia kurudisha watoto kwa jamaa zao, wanahitaji mambo mepesi sana: jina kamili la mtoto, jina kamili la mzazi, nafasi walipokuwa wanaishi, namba ya mtu wa kupigia. Mtoto anayeyajua anaweza kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Asiyeyajua hutangazwa kwa redio, picha yake hubandikwa, na wiki zinapita.

Na majivuno ya mji yanaweza kusaidia hapa. Mtoto anayejifunza kusema kwa sauti, bila haya, kwamba yeye ni wa Mabanga ao wa Himbi, kwenye avenue fulani, karibu na shule fulani, anajivunia kwao na wakati uleule anajilinda.

Namba iimbwe

Wazazi wengine watasema kwamba tarakimu kumi ni nyingi kwa mtoto mdogo. Lakini mtoto huyohuyo anashika wimbo wa dakika nne katika Kilingala, lugha ambayo nyumbani hakuna anayeiongea. Basi kichwa kipo. Ni njia ndiyo tunakosea: tunamsomea namba kama mwalimu wa hesabu, wakati yeye anashika mambo kwa masikio na miguu.

Namba yetu ya Kongo inajikata vizuri. Inaanza na sifuri, tarakimu tatu za mwanzo zinakuwa kipande cha kwanza, kisha vipande vingine viwili ao vitatu kadiri ulimi unavyopenda. Itieni katika mdundo wa wimbo ambao mtoto anaupenda wiki hiyo. Apige makofi. Aicheze akienda kuchota maji, aicheze akioga. Kwa siku nne ao tano itakuwa imeingia. Mwezi ukiisha, mumuulize tena ghafula, siyo kwa kumtisha, bali kama mchezo, na mdogo wake akiwa anasikiliza. Mdogo atajifunza bila kufundishwa.

Kuna wanaoogopa kwamba mtoto atampa namba kila mtu, na watu wabaya hawakosekani. Hofu hiyo ina haki. Ndiyo sababu pamoja na namba mtoto afundishwe ni nani wa kuambiwa: mwalimu, mtumishi wa kanisa ao wa msikiti, mama mwenye watoto wengine pembeni yake, mtu mwenye jile ya Msalaba Mwekundu. Na familia isiyo na simu isijione imeachwa nje. Namba ya jirani anayeaminiwa, ya mwalimu ao ya duka la avenue inafaa vilevile, ilimradi mwenyewe awe amekubali.

Karatasi, na mtu wa mbali

Kichwa ni ghala ya kwanza. Karatasi ni ya pili. Kuandika namba sita ao saba kwa biki, kuzifunga katika sashe ya plastiki na kuziweka pamoja na vyeti vya kuzaliwa na vya shule haigharimu hata franka 500. Kila familia ya Goma inajua ule mfuko ambao mama anaushika wa kwanza wakati wa kukimbia. Karatasi ikae humo.

Kati ya namba hizo, moja iwe ya mtu anayeishi mbali na mji: dada wa Bukavu, kuzeni wa Beni, mjomba wa Kampala. Sababu yake ni nyepesi. Siku ambayo mtandao wa Goma umelemewa ao familia imegawanyika pande nne, kila mmoja akifaulu kumfikia yule wa mbali, hata kwa ujumbe mfupi kupitia simu ya mtu mwingine, yule wa mbali ndiye atakayejua nani yuko Sake na nani yuko Minova. Lakini lazima wote wakubaliane mbele juu ya mtu huyo, tena naye ajulishwe. Na mkubaliane nafasi moja ya kukutania, yenye jina ambalo hata mdogo wa nyumba analijua.

Kwa habari ya simu yenyewe, vijana wanaicheka ile ndogo ya vibonyezo ambayo koko hataki kuiachilia. Waichunge. Chaji yake inadumu siku kadhaa, mara nyingi inashika redio FM, na kwa siku ya hatari hivyo viwili vina bei kuliko kamera yenye macho matatu. Picha nazo, angalau ile moja ambayo familia nzima iko pamoja, ipelekwe kwa mpiga picha itolewe kwenye karatasi. Nyuma yake andikeni majina kamili, siyo Mama Furaha.

Goma imejengwa juu ya lava, na kwa mawe ya lavahiyohiyo. Wakaaji wake hawakungoja mtu aje kuwafundisha namna ya kuanza upya. Waliona jiwe jeusi limefunika nyumba, wakalipasua, wakajenga ukuta nalo. Hatuwezi kumpigia mlima simu kumwomba alale, na vita haviombi ruhusa ya mama mwenye nyumba. Lakini tarakimu kumi ziko ndani ya uwezo wetu. Leo jioni, wakati foufou na sambaza viko mezani, simu zote zigeuzwe kifudifudi, na kila mtu, kuanzia baba, aseme namba ya mwingine kwa kichwa. Atakayeshindwa aoshe masahani, hata akiwa ni baba.