Sauti za Injini na Maana Yake



Baadhi yenu mwanikumbuka, maana tulikaa pamoja darasani kabla sijakwenda Mbarara kujifunza ufundi. Sasa kazi yangu ni kutengeneza pikipiki na magari madogo ya magurudumu matatu hapa Nakivale. Leo napenda kuwaeleza jinsi fundi anavyotambua ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwani ndilo lililonifundisha.

Nakivale iko katika wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi ya Uganda, kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Ilitambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960, walipopokewa watu kutoka Rwanda. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine. Watu wengi hapa hulima mahindi na maharagwe, na soko kubwa ni Mbarara, mwendo wa kilometa 60 hivi, kwanza vumbi na vilima, kisha lami. Mizigo mingi huchukuliwa na gari liitwalo tukutuku: mbele ni pikipiki, nyuma ni sanduku la mizigo juu ya magurudumu mawili.

Mama mmoja muuza mahindi alikuwa na gari la namna hiyo. Siku moja alinijia akasema, “Mwanangu, gari langu lapiga kelele likipanda kilima.” Nikapanda pamoja na dereva, nikasikia ko! ko! ko! Sikungoja zaidi. Nikamwambia, “Mama, beringi ya konrodi imekwisha. Hapana budi injini ifunguliwe Mbarara.” Mama akauza mbuzi wawili apate fedha. Injini ikafunguliwa, tukaikuta konrodi nzima kabisa. Ugonjwa ulikuwa nje: bolti moja inayoishika injini kwenye fremu ilikuwa imelegea, na kila gari lilipovuta mzigo, injini ilisogea ikagonga chuma. Alama ya kugonga ilikuwa wazi, inang’aa, lakini mimi sikuitazama. Nao ulikuwa wakati wa mavuno. Kwa siku tisa mahindi ya mama yalikaa chini ya turubali kuukuu yakinyeshewa mvua, na mengine yakaota kuvu.

Tangu siku ile sishiki spana kabla ya kujiuliza maswali manne.

Swali la kwanza: Je, gari likisimama, sauti ipo? Liache lisimame, injini iwake, kisha ongeza mafuta na kupunguza. Beringi ya konrodi iliyokwisha hugonga hata hapo, hasa unapoongeza mafuta ghafula. Kama hakuna sauti ila gari linapovuta, tazama kwanza bolti, fremu na mnyororo. Jaribio hili lingechukua dakika mbili, nalo lingeokoa mbuzi wawili.

Swali la pili: Je, sauti yafuata injini au yafuata magurudumu? Gari likiwa kwenye mwendo mahali pa tambarare, shika klachi na uache injini ingurume polepole. Sauti ikipungua pamoja na injini, ni ya injini. Ikiendelea kwa kasi ya magurudumu, tafuta katika beringi za magurudumu, breki, au gia za ekseli ya nyuma.

Swali la tatu: Yasikika mara ngapi? Hapa yafaa tukumbuke masomo ya fizikia. Injini zetu ni za mapigo manne: kuvuta hewa na petroli, kukandamiza, kuwaka, na kutoa moshi. Mapigo hayo manne hutimia kranki inapozunguka mara mbili, na katika muda huo kila vali hufunguka mara moja tu. Kranki ikizunguka mara 1,400 kwa dakika, kila vali hufunguka mara 700, na moshi hutoka mara 700. Basi weka mkono karibu na mdomo wa bomba la moshi, usiliguse, usikie pigo lake. Sauti inayokwenda pamoja na pigo la moshi aghalabu ni ya vali. Inayosikika mara mbili kwa kila pigo aghalabu ni ya kitu kinachozunguka na kranki. Lakini jihadhari: bomba la moshi linalovuja kwenye maungio hulia ti-ti-ti mfano wa vali. Ukiona masizi meusi pale kwenye maungio, umekwisha kumjua mwizi.

Swali la nne: Sauti hubadilika injini ikipata moto au mzigo? Pistoni iliyochakaa hugonga asubuhi injini ingali baridi, kisha hutulia inapopata moto na kutanuka. Mlio kama changarawe ndani ya kopo, unaokuja gari likipanda kilima na mzigo, mara nyingi ni petroli inayowaka vibaya, kwa sababu ya injini kupata moto mno, masizi ndani ya silinda, au petroli mbaya. Badili gia mapema, usiilazimishe.

Kuhusu vali, wanafunzi wangu hukosea jambo moja. Wakisikia mlio mdogo, huzibana mpaka zinyamaze. Hilo ni kosa kubwa. Nafasi yake ni ndogo, kadiri ya sehemu ya kumi ya milimita au chini yake, lakini sharti iwepo. Vali iliyobanwa mno haifungi sawasawa, nayo huungua. Vali inayolia kidogo ni afadhali kuliko iliyonyamazishwa.

Chombo changu cha kusikilizia ni bisibisi ndefu. Ncha yake huiweka kwenye chuma cha injini, mbali na vitu vinavyozunguka, na mpini sikioni. Daktari Laennec wa Ufaransa alifanya mfano wa hayo mwaka 1816, alipokunja karatasi kuwa bomba ili asikie moyo wa mgonjwa. Lakini daktari hawezi kuutambua moyo mgonjwa asipoujua moyo mzima. Huko Uingereza, H. F. S. Morgan alianza kuunda magari ya magurudumu matatu mwaka 1909, mawili mbele na moja nyuma, kinyume cha tukutuku. Mengi ya zamani yalikuwa na injini ya silinda mbili iliyowekwa mbele kabisa, nje kwenye upepo, na mapigo yake hayakuwa sawa. Mgeni angedhani ni mgonjwa, kumbe ndiyo afya yake. Basi sikilizeni injini ikiwa nzima, kila siku, ili mjue siku itakapougua.

Yule mama nilimfanyia kazi bila malipo mpaka deni likaisha. Hakunitukana hata mara moja, nalo lilinichoma zaidi. Mpaka leo huleta gari lake kwangu, na kabla sijafungua sanduku la spana huniuliza, “Mwanangu, umesikiliza?”

Ndugu zangu, wengine wenu mtakuwa madaktari, waalimu, mahakimu. Mwenye shida atawajia na kitu alichokiuza mbuzi wake. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu ni mvua. Sikilizeni kwanza, jaribuni lililo rahisi, ndipo mfungue.

Nawatakia masomo mema.