Kuchagua Gari la Dizeli la Stesheni Wagoni kwa Matumizi ya Kampuni

Gari la kampuni hulipiwa na mmoja na huendeshwa na mwingine. Kampuni hutazama bei, mafuta na matengenezo; mfanyakazi hutazama faraja, usalama na kodi itakayokatwa katika mshahara wake. Uamuzi ukifanywa kwa kutazama upande mmoja tu, mara nyingi kosa hugunduliwa baada ya fedha kulipwa. Makala haya yanaeleza mambo ya kupima kabla ya kununua gari la dizeli la stesheni wagoni kwa matumizi ya kampuni hapa Tanzania Bara, liwe jipya kabisa au lililotumika nje ya nchi.

Kwa stesheni wagoni tunakusudia gari lenye kimo cha gari dogo la kawaida, ambalo paa lake limeendelea hadi nyuma na lina mlango wa tano unaofunguka kuelekea juu. Magari marefu ya kuhimili barabara mbovu, ambayo watu wengi pia huyaita kwa jina hilo, hayamo katika maelezo haya.

Kwa nini dizeli, na kwa nini stesheni wagoni

Injini ya dizeli haina plagi za kuwashia cheche. Huikandamiza hewa mpaka ipate joto la kuiwasha dizeli inaponyunyiziwa ndani. Kwa sababu ya mkandamizo huo mkubwa, na kwa kuwa lita moja ya dizeli ina nishati zaidi kuliko lita moja ya petroli, gari la dizeli huenda mbali zaidi kwa kiasi kilekile cha mafuta. Aidha, injini hiyo huvuta kwa nguvu hata ikizunguka polepole. Dereva anayepanda Mlima Kitonga akiwa na abiria wanne na mzigo huiona faida hiyo waziwazi.

Umbo la stesheni wagoni nalo lina manufaa yake. Viti vya nyuma vikilazwa, hupatikana nafasi ya sampuli za bidhaa, vifaa vya ufundi au maboksi ya nyaraka, na mzigo hukaa ndani, mbali na mvua na wezi. Kwa kuwa gari ni la chini, hutulia vizuri barabarani kuliko gari refu. Lakini uchini huo ndio udhaifu wake katika barabara za vumbi na makorongo. Kampuni ambayo kazi zake ziko vijijini ipime kwanza nafasi iliyopo kati ya tumbo la gari na ardhi, abiria na mzigo wakiwa ndani.

Hesabu ya kilometa

Gari la dizeli kwa kawaida huuzwa kwa bei kubwa kuliko la petroli la daraja lake. Kwa hiyo swali la msingi ni hili: gari litatembea kilometa ngapi ndipo akiba ya mafuta ifidie tofauti ya bei?

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Gari la petroli linatumia lita 10 kwa kilometa 100, na la dizeli linatumia lita 7. Mafuta yote mawili yanauzwa shilingi 3,000 kwa lita, na gari la dizeli limezidi bei kwa shilingi 6,000,000. Akiba ni lita 3, yaani shilingi 9,000, kwa kila kilometa 100. Tofauti ya bei itafidiwa baada ya kilometa 66,667 hivi.

Sasa tazama kampuni mbili. Ya kwanza ina ofisa mauzo anayekwenda Morogoro na Dodoma kutoka Dar es Salaam kila wiki, na gari lake hutembea kilometa 4,000 kwa mwezi. Fedha zake zitarudi katika mwezi wa 17. Ya pili inalitumia gari kati ya Kariakoo, Posta na bandarini, kilometa 800 kwa mwezi. Hiyo itasubiri karibu miaka saba, na katika muda huo matengenezo yanaweza kuimeza akiba yote.

Hesabu hiyo hubadilika bei za mafuta zikibadilika. Dizeli ikizidi petroli kwa shilingi 150 tu kwa lita, umbali wa kufidia hupanda hadi kilometa 75,500 hivi. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei hizo hutofautiana kati ya mkoa na mkoa. Mnunuzi atumie bei za eneo lake, na azitazame za miezi kadhaa badala ya mwezi mmoja.

Kichujio cha masizi na foleni za mjini

Magari mengi ya dizeli ya miaka ya karibuni yamefungwa kichujio cha masizi katika bomba la moshi. Kichujio hicho hunasa chembe nyeusi ambazo zamani zilitoka hewani. Kinapojaa, gari hulazimika kuyachoma masizi hayo, na kazi hiyo huhitaji joto la kiasi cha nyuzi 600 za selisiasi. Joto hilo hupatikana gari likiwa safarini kwa mwendo wa kutulia kwa dakika kadhaa mfululizo.

Gari linaloishi katika foleni, au linalozimwa kila baada ya kilometa tatu, halipati nafasi hiyo. Uchomaji hukatizwa kabla ya kumalizika, masizi hurundikana, na katika injini nyingi dizeli isiyoungua huteremka na kuchanganyika na oili. Taa ya onyo huwaka, nguvu ya gari hupungua, na mwisho wake ni kununua kichujio kipya kwa gharama kubwa. Hii ndiyo sababu ya pili, baada ya hesabu ya kilometa, ya kulikataa gari la dizeli kwa kazi za mjini pekee.

Wapo mafundi wanaoshauri kichujio kikatwe na kompyuta ya gari idanganywe. Ushauri huo usifuatwe. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Gari lililokatwa kichujio huwamwagia moshi huo dereva wa bodaboda, mchuuzi wa kando ya barabara na mtoto aendaye shule.

Ubora wa dizeli

Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zinatumia kiwango cha dizeli chenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Injini mpya zilizoundwa kwa ajili ya soko la Japani au Ulaya zimekusudiwa dizeli ya sehemu 10. Kwa hiyo, kabla ya kununua, muulize wakala wa gari kwa maandishi iwapo injini hiyo inakubali dizeli inayouzwa hapa nchini, na oili ibadilishwe baada ya kilometa ngapi. Gari lenye kichujio huhitaji oili maalumu yenye majivu machache. Aina yake imeandikwa katika kitabu cha gari. Oili ya kawaida, hata iwe ya bei ghali, huziba kichujio.

Hatari nyingine ni uchakachuaji. Mafuta ya taa yakichanganywa katika dizeli, huondoa ule utelezi unaolinda pampu na nozeli, na vifaa hivyo ndivyo vya gharama kubwa kuliko vyote katika injini ya dizeli. Mafuta yanayouzwa nchini yalianza kuwekwa vinasaba mwaka 2010 ili wachakachuaji wagundulike, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili kuondoa kishawishi cha bei. Hata hivyo, kampuni ijilinde: ichague vituo vichache inavyoviamini, idai risiti ya kielektroniki kila inapojaza, na iweke daftari la lita na kilometa. Daftari hilo litasaidia pia kumtambua mapema dereva ambaye matumizi yake yamepanda pasipo sababu.

Dereva akijaziwa petroli kwa bahati mbaya, asiwashe injini kabisa. Gari lisukumwe pembeni na tangi limwagwe. Kuliwasha hata kwa dakika moja kunaweza kuharibu pampu.

Baadhi ya magari huhitaji pia tangi la maji ya urea yanayopunguza sumu katika moshi. Tangi hilo likikauka, gari hukataa kuwaka tena. Hakikisha maji hayo yanapatikana katika miji mnayofanyia kazi, na kamwe msiyatengeneze kwa mbolea ya dukani.

Kodi: jambo linalosahauliwa

Mwajiriwa anayepewa gari la kampuni kwa matumizi yake binafsi huhesabiwa kuwa amepata manufaa ya ajira, na thamani ya manufaa hayo huongezwa katika mapato yake yanayotozwa kodi. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, thamani hiyo hutegemea ukubwa wa injini na umri wa gari, wala si bei lililonunuliwa. Viwango kwa mwaka ni hivi:

- Injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,000: shilingi 250,000 kwa gari lisilozidi miaka 5, shilingi 125,000 kwa lililozidi.
- Zaidi ya 1,000 hadi 2,000: shilingi 500,000, au 250,000.
- Zaidi ya 2,000 hadi 3,000: shilingi 1,000,000, au 500,000.
- Zaidi ya 3,000: shilingi 1,500,000, au 750,000.

Hapa dizeli ina mtego wake. Stesheni wagoni nyingi za dizeli zina injini ya lita 2.0 au 2.2. Tofauti hiyo ni ndogo barabarani, lakini gari la lita 2.2 huvuka mpaka wa 2,000, na manufaa yanayohesabiwa huwa maradufu. Kwa mwajiriwa anayetozwa asilimia 30, gari lisilozidi miaka mitano litamgharimu shilingi 300,000 kwa mwaka badala ya 150,000. Mwajiri asiyedai nafuu yoyote ya kodi kwa umiliki, matengenezo wala uendeshaji wa gari hilo humwondolea mwajiriwa mzigo huu. Lakini basi kampuni yenyewe hupoteza nafuu. Ni haki mfanyakazi ashirikishwe kabla ya gari kuchaguliwa.

Kwa upande wa kampuni, Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014 hairuhusu kwa kawaida kurejesha kodi iliyolipwa kwa gari la abiria, vipuri vyake wala matengenezo yake, isipokuwa kwa wafanyabiashara wa kuuza au kukodisha magari, au wa usafirishaji. Basi bei ya kuweka katika hesabu ni ile yenye kodi ndani. Thibitisha viwango vya mwaka husika katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kabla ya kusaini mkataba.

Ukaguzi wa gari lililotumika

Nenda na fundi unayemlipa wewe, si wa muuzaji, na mfanye yafuatayo:

1. Iwasheni injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyeipasha moto kabla hamjafika huenda anaficha ugumu wa kuwaka.
2. Tazameni moshi. Mweusi mzito huashiria hitilafu ya nozeli au hewa. Wa buluu, oili inaungua. Mweupe usiokoma, dizeli isiyoungua au maji ndani ya injini.
3. Chomoeni kijiti cha oili. Oili iliyozidi alama ya juu na kunuka dizeli ni dalili ya kichujio chenye matatizo.
4. Unganisheni kompyuta ya uchunguzi, msome kiasi cha masizi katika kichujio na makosa yaliyohifadhiwa.
5. Linganisheni mita ya kilometa na kilometa zilizoandikwa katika cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani, na pia uchakavu wa usukani, pedali na kiti cha dereva.
6. Hakikisheni namba ya chesisi ni ileile katika gari na katika kadi ya usajili.

Haki zako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza muuzaji kumpotosha mnunuzi kuhusu ubora, historia au bei ya bidhaa. Kampuni inayonunua gari ili ilitumie, si ya kuliuza tena, nayo huhesabiwa kuwa mtumiaji. Mita ya kilometa ikiwa imerudishwa nyuma, au kichujio kikiwa kimeondolewa bila kuambiwa, lalamika kwanza kwa muuzaji kwa maandishi; asipokusikiliza, peleka lalamiko katika Tume ya Ushindani (FCC).

Lalamiko huwa na nguvu likiambatana na ushahidi. Kwa hiyo kila ahadi ya muuzaji, kuanzia kilometa, mwaka wa kutengenezwa hadi dhamana, iandikwe katika mkataba wa mauzo kabla ya malipo. Malipo yapitie benki, na risiti ya kielektroniki itolewe kwa jina la kampuni. Ahadi ambayo muuzaji anakataa kuiandika ichukuliwe kuwa haikutolewa, na bei ijadiliwe kwa msingi huo.