HESABU YA BARUA PEPE ISIPOLINGANA NA BARUA ZILIZOPO

Kwa ofisi zilizo mbali na makao makuu, kama zile za Msanzi na kata nyingine za Ufipa, barua pepe ni njia ya haraka ya kupokea maagizo kutoka Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, au kutoka Sumbawanga mkoani. Mtumishi afunguapo kompyuta hutazama kwanza tarakimu iliyo kando ya kasha la barua, imwoneshayo idadi ya barua ambazo hazijasomwa. Tarakimu hiyo ikizidi, mtumishi huzoea kuipuuza; ikipungua, wito wa kikao au tarehe ya mwisho ya kuwasilisha taarifa hupita bila kujulikana.

CHANZO CHA KOSA

Maelezo haya yanahusu Thunderbird, programu ya Mozilla isiyolipiwa, ambayo toleo lake 1.0 lilitoka mwaka 2004. Kwa mpango wake wa kawaida, programu hiyo huweka barua zote za kasha moja katika faili moja, na kando yake huweka faili dogo lenye jina lilelile, linaloishia na .msf. Faili hilo dogo ni mfano wa daftari la masjala: lina orodha ya barua, tarehe zake, na zipi zimekwisha kusomwa. Tarakimu ionekanayo hutoka katika daftari hilo, si katika barua zenyewe. Umeme ukikatika wakati programu inaandika, daftari na jalada huweza kuachana. Hivyo basi, dawa ni kuandika daftari upya. Kufuta barua ili tarakimu ishuke si dawa.

HATUA ZA KUFUATA

1. Kuhakikisha kwamba kosa lipo kweli. Huenda barua imefichwa na kichujio, au imekunjwa ndani ya mfululizo wa majibu. Ikiwa barua zinatunzwa kwenye seva, hesabu ilinganishwe na ile ionekanayo kwa kivinjari.

2. Kufunga programu na kunakili folda yote ya barua kwenye diski nyingine.

3. Kufungua programu, kubofya jina la kasha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kuchagua "Properties", kisha kubonyeza "Repair Folder" na kusubiri kazi imalizike.

4. Kosa likibaki, kufunga programu na kufuta faili la .msf la kasha hilo peke yake. Programu ikifunguliwa italiunda upya.

TAHADHARI

Faili lenye jina la kasha lisilo na .msf lisiguswe kamwe, kwani humo ndimo zilimo barua. Aidha, kwa barua zilizo kwenye seva, kazi hii hupakua taarifa upya na kula kifurushi cha intaneti. Ni vema ifanywe mtandao ukiwa mzuri. Mpangilio wa safu kwenye dirisha nao waweza kurudi ulivyokuwa mwanzo.

Ili kosa lisijirudie, watumishi wanashauriwa kufunga programu kabla ya kuzima kompyuta, kuhamishia barua za zamani katika makasha mengine, na kutumia "Compact" mara kwa mara, kwa kuwa barua iliyofutwa hubaki ndani ya faili mpaka kazi hiyo ifanyike.